Akiba ya chakula Kilifi ijazwe kabla ya Aprili

Kila mwaka, Aprili ikifika katikati, kaunti ya Kilifi hufungiwa mifereji mitatu kwa wakati mmoja. Kusi imeanza kuvuma, bahari imechafuka, na wavuvi wengi wa Ngomeni, Malindi, Watamu na Takaungu hawana vyombo vya kuthubutu kutoka nje ya miamba. Watalii wamesharudi kwao. Hoteli zimefunga au zimebakiza walinzi, na vijana waliokuwa jikoni na bustanini wameambiwa wangoje kuitwa. Kule Ganze, Bamba na Marafa mvua za masika ndiyo kwanza zinanyesha. Shamba limepandwa, lakini hindi bichi la kwanza liko mbali, na mahindi ya mwaka jana yamebaki ya kuhesabu.

Ndiyo kusema dharura ya chakula katika kaunti hii, mara nyingi, ina tarehe. Haivamii usiku kama mwizi. Nyumba inayosubiri redio itangaze hali ya hatari ndipo ikimbilie dukani imeshachelewa kwa miezi minne.

Miaka ya karibuni inatosha kuwa ushahidi. Aprili na Mei 2018, Mto Sabaki ulivunja kingo zake na maelfu ya watu wa Magarini na Malindi wakahama makwao, mashamba yao yakiwa chini ya maji. Tarehe 8 Aprili 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilipiga marufuku watu kuingia au kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa, na Kilifi haikufunguliwa hadi mapema Juni. Julai 2022, pakiti ya unga wa kilo mbili ilipita Sh200, serikali ikatangaza ruzuku ya kuushusha hadi Sh100, na unga huo wa bei nafuu ukawa wa kutafutwa kwa tochi. Mwaka 2024 mafuriko ya masika yalirudi nchini, Aprili na Mei vilevile.

Kisa cha 2020 kinafaa kuangaliwa kwa makini kuliko vingine. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, kwa hivyo rafu za maduka ya Malindi hazikuwa tupu. Kilichokauka ni mifuko ya watu. Mpishi wa hoteli ya Watamu, dereva wa tuktuk na mama anayeuza mahamri stendi walikuwa wakipita mbele ya duka lililojaa bila cha kununulia. Hilo ndilo umbo la njaa ya mwambao: chakula kipo, bei ipo, pesa hakuna, na hali hiyo huchukua wiki nane, si siku tatu.

Ndiyo maana ushauri unaovuma duniani sasa hauwezi kuchukuliwa mzima mzima. Machi 2025, Tume ya Ulaya iliwahimiza raia wake wawe na mahitaji ya kujitosheleza kwa saa 72 angalau. Miezi michache kabla yake, Sweden ilisambaza kijitabu kwa kaya zaidi ya milioni tano kikieleza jinsi ya kujiandaa kwa vita na kukatika kwa umeme. Ushauri wa saa 72 umejengwa juu ya imani kwamba siku ya nne dola itakuwa imefika mlangoni. Mkazi wa Vitengeni au Garashi hana sababu ya kuwa na imani hiyo. Kipimo chake kiwe siku 60.

Siku 60 ni chakula kiasi gani? Mashirika ya misaada hukadiria kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mgawo wao wa kawaida huwa karibu gramu 400 za nafaka, gramu 60 za kunde au maharagwe, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Kwa nyumba ya watu sita, hesabu hiyo inatoa kilo 144 za mahindi, yaani gunia la kilo 90 na zaidi ya nusu ya jingine. Kunde, pojo au mbaazi kilo 22. Mafuta ya kupikia lita kumi hivi. Na chumvi isiyofika kilo mbili. Juu yake kuna sukari, majani ya chai, sabuni, viberiti, gunia la makaa lililowekwa pakavu kabla kuni hazijalowa, na dawa za presha au kisukari kwa mwenye kuzitumia.

Maji nayo yahesabiwe. Maji ya bomba ya Malindi, Kilifi na hata Mombasa hutoka Baricho, ukingoni mwa Sabaki, nayo husukumwa kwa pampu za umeme. Siku nchi nzima ilipokuwa gizani, kama Agosti 25, 2023, mfereji nao ulikuwa kwenye rehani ya nguzo za stima. Mitungi michache ya lita 20 iliyojaa, yenye vifuniko na maji yanayobadilishwa mara kwa mara, haimfilisi mtu.

Swali ni lini vyote hivi vinunuliwe, na jibu liko kwenye kalenda ileile. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huanza kuvunwa Oktoba, na kati ya Novemba na Januari bei ya gunia huwa imelegea. Mahindi ya Kilifi yenyewe huingia Agosti na Septemba. Samaki ni wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ikiwa shwari. Embe za Malindi humwagika barabarani miezi hiyohiyo. Na ndiyo miezi ambayo hoteli zimejaa na mishahara na bakshishi zinatoka. Kaskazi ni msimu wa kujaza, kusi ni msimu wa kula. Mwenye kipato cha hoteli akinunua gunia moja Desemba na nusu gunia Februari, Aprili humkuta amejipanga.

Kununua ndiyo nusu rahisi ya kazi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wakizungumzia mahindi yaliyofungwa na unyevu wake Malindi. Hapa ndipo somo la Kitale au la Ulaya linapoachana na la mwambao. Hewa ya Pwani ina unyevu wa asilimia 70 na zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na joto halishuki usiku kama bara. Punje iliyokaushwa vizuri ikiachwa kwenye gunia la kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani, taratibu, hadi irudi ilikotoka.

Unyevu huleta wageni wawili. Mmoja huonekana: fukusi, na mwenziwe mbaya zaidi, dumuzi, ambaye wakulima wengi wa Kenya wamembandika jina la Osama. Dumuzi si wa huku. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tanzania, upande wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983. Akipewa miezi michache, gunia hubaki vumbi na maganda. Mgeni wa pili haonekani: kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusonga sima. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, na 125 kati yao wakafa. Nyumba iliyojaza ghala la mahindi mabichi imejiwekea sumu kwa mkono wake.

Kuna kipimo kisicho na gharama ambacho kila jiko linaweza kukifanya. Huchukuliwa chupa ya kioo, ya soda au ya sosi, iliyooshwa na kukauka kabisa. Hutiwa mahindi hadi robo yake, kisha vijiko viwili vitatu vya chumvi, ileile inayovunwa kwenye mabwawa ya Gongoni na Marereni. Chumvi ikaangwe kidogo kwanza au ianikwe, kwa sababu chumvi ya mwambao nayo hulowa ikikaa wazi. Chupa hufungwa, ikatikiswa kwa dakika mbili tatu, ikaachwa itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayajawa ya kuweka. Ikianguka yote chini bila kugusa kioo, yamekaribia. Jua la siku moja au mbili zaidi, juu ya turubai na si juu ya mchanga mtupu, huyasogeza kwenye asilimia 13 na nusu inayotakiwa.

Baada ya hapo kazi ni kuyanyima hewa. Mfuko wa tabaka tatu, unaouzwa sasa katika maduka mengi ya pembejeo, ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Cameroon, mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndani kuna mifuko miwili ya plastiki nzito, nje kuna gunia la kawaida. Mahindi hujazwa, hewa ikakamuliwa, na shingo ya kila tabaka ikasokotwa, ikakunjwa na kufungwa peke yake. Wadudu waliojificha humaliza oksijeni iliyobaki, kisha hufa. Hakuna dawa ya unga inayochanganywa na chakula cha watoto. Kinachohitajika ni vipande vya mbao vya kuuinua mfuko kutoka sakafuni, kuuweka mbali na ukuta, na vita visivyoisha na panya, maana tundu moja dogo linarudisha hewa yote.

Kwa nyumba inayofungua akiba yake kila wiki, mtungi wa plastiki wa lita 20 unafaa kuliko mfuko. Ukiwa msafi, mkavu, wenye kifuniko cha kukaza, na umejazwa hadi shingoni, mtungi mmoja hubeba kilo 15 hivi za mahindi na hufanya kazi ileile ya kuzuia hewa. Mitungi kumi ndiyo kilo 144 za familia ya watu sita. Kila mmoja hutosha siku sita, na unapofunguliwa mmoja, tisa hubaki imefungwa. Mtungi uliobeba dawa ya shamba au mafuta ya taa usiguswe kamwe. Na mahindi yabaki punje, yapelekwe kinuni kidogo kidogo: unga uliosagwa huchacha na kuingia wadudu mapema zaidi.

Haya yote hayamaanishi kwamba Pwani ilikuwa haijui kuhifadhi. Nyumba ya Kigiriama ya zamani ilikuwa na uchaga juu ya mafiga, na mahindi yaliwekwa huko pamoja na maganda yake, yakipikwa na moshi kila siku. Moshi ulikausha na kuwafukuza wadudu kwa pamoja. Mbegu za kienyeji ambazo ganda lake hufunga ncha ya gunzi vizuri zilistahimili fukusi kuliko mbegu nyingi za kisasa zinazoacha ncha wazi. Jiko lilipohamishwa nje na paa la makuti likawa la bati, uchaga ulipoteza moshi wake, na mahindi yakahamia kwenye gunia pembeni mwa chumba cha kulala. Hakuna aliyeketi kufikiria nini kichukue nafasi ya moshi.

Muhogo ni ghala la namna nyingine. Hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe, na ukikatwa, ukaanikwa, ukawa makopa, hukaa miezi. Kituo cha utafiti cha Mtwapa kilitoa aina kadhaa kwa ajili ya ukanda huu, zikiwemo Tajirika, Shibe na Nzalauka. Familia yenye robo eka ya muhogo uliokomaa ina wiki kadhaa za chakula ambazo dumuzi hazifikii wala bei ya soko haizigusi, mradi nguruwe-mwitu na mafuriko hawakutangulia. Kwa kitoweo, ng'onda na papa mkavu wa kaskazi, waliokolezwa chumvi na kuanikwa wakakauka kwelikweli, huvuka kusi bila friji. Achari ya embe ya Februari huipa sima ya Juni ladha ambayo hakuna kopo la dukani litakaloleta.

Pingamizi kubwa linajulikana. Mtu anayeenda kibandani kila jioni na kusema “nipimie mafuta ya thelathini na nusu kilo ya unga” atapata wapi pesa za gunia? Pingamizi ni la haki, lakini linasahau kwamba ni yeye huyo anayelipa ghali zaidi. Mafuta ya kupimiwa, yakikusanywa hadi yafike lita, huzidi bei ya lita iliyofungwa. Na mkulima wa Magarini anayeuza mahindi yake Septemba ili alipe karo mara nyingi huyanunua tena Mei kwa bei iliyopanda. Umaskini wa Kilifi unalishwa na ununuzi wa vipimo vidogo kama unavyolishwa na ukame.

Tena uwezo wa kununua mapema upo pale watu wanapoamua. Katika Shaaban, nyumba za Malindi, Mambrui na Mtwapa ambazo kipato chao si cha kuringia hutafuta unga wa ngano, tambi, sukari, tende na kunde za mwezi mzima wa Ramadhani. Wanawake wa vyama vya kuchangiana huko Kaloleni na Ganze huzungusha pesa kila wiki na kununuliana vyombo, mabati na mbuzi. Chama cha watu ishirini kikiamua kwamba mzunguko wa Novemba hadi Februari ni wa mahindi na kunde, kitanunua kwa lori badala ya kwa kilo, na tofauti ya bei italipa mitungi na mifuko.

Wengine huogopa kwamba watu wakianza kuweka akiba, bei itapanda kwa wasionacho. Ihtikari, kuficha bidhaa ili watu wateseke na bei ipande, imekemewa na Uislamu kwa karne nyingi, na haifanani na nyumba inayonunua gunia Desemba soko likiwa limefurika. Anayenunua wakati wa wingi hampunguzii jirani kitu. Aprili, foleni ya unga inakuwa fupi kwa mtu mmoja.

Hata hivyo, mzigo huu usiachiwe nyumba peke yake, kwa sababu njaa ya Kilifi haikuletwa na uvivu wa nyumba. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Malindi na Mambrui zilipakia mtama na ufuta kwenye majahazi ya kwenda Arabuni, nafaka iliyolimwa kwa jasho la watumwa. Mwaka 1914, baada ya Wagiriama kukataa amri za Waingereza, wakiwa wamehamasishwa na Mekatilili wa Menza, serikali ya kikoloni iliwafukuza kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, ardhi iliyokuwa ikiwapa ziada ya nafaka. Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa. Kabla ya hapo, njaa ya 1898 hadi 1900 ilikuwa imebaki kwenye kumbukumbu za Wamijikenda kwa jina la Magunia, kutokana na magunia ya chakula kilicholetwa kutoka nje.

Zaidi ya karne moja baadaye, utaratibu ni uleule. Ukame uliotangazwa kuwa janga la kitaifa Septemba 8, 2021, ulikuwa umeshakausha Ganze na Magarini kabla ya tangazo, na msaada ulifika ulivyozoea kufika: lori, foleni, gunia, picha. Akiba ya siku 60 haiwezi kushinda ukame wa misimu mitano. Haiwezi pia kuzuia maji yasikate daraja la Mbogolo, kama yalivyofanya Novemba 2023 wakati wa El Niño na kuitenga Malindi na Kilifi mjini. Inachoweza ni kuipa familia miezi miwili ya kutouza mbuzi wa mwisho, kutomtoa mtoto shuleni na kutokula mbegu, huku lori likiwa njiani.

Kwa hivyo serikali ya kaunti ina kazi ndogo na ya bei nafuu ya kufanya. Kilifi ina wadi 35. Kipima unyevu kimoja cha mkononi kwa kila wadi, kikae kwa afisa wa kilimo na kitumike bure siku za soko, ni vifaa 35 tu. Mifuko ya tabaka tatu itiwe kwenye orodha ya pembejeo za ruzuku pamoja na mbegu na mbolea, kwa maana hakuna faida ya kumpa mkulima mbegu bora na kumwachia dumuzi mavuno. Mashine za kukaushia nafaka zinazohamishika, ambazo serikali ya kitaifa ilianza kuzisambaza mwaka 2023, zidaiwe pia kwa ajili ya Magarini na Ganze, ambako mahindi ya Agosti mara nyingine huvunwa huku manyunyu yakiendelea.

Sheria ya fedha za umma inaitaka kaunti iwasilishe makadirio ya bajeti kwenye bunge lake kufikia Aprili 30, na yaidhinishwe kabla ya mwisho wa Juni. Wananchi huitwa kutoa maoni katikati ya tarehe hizo, wakati wengi wao wanapimiwa unga. Mwakilishi wa wadi atakayesimama mbele yao aulizwe maswali mawili: vipima unyevu viko kwenye ukurasa gani wa makadirio, na mifuko itafika kabla ya mavuno ya Agosti au baada yake.